Mkataba wa bei ya umeme na gesi unapokwisha: namna ya kuhamia kampuni nyingine nchini Uingereza

Nchini Uingereza kaya nyingi hununua umeme na gesi kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili ambao bei ya kila yuniti haibadiliki hadi siku ya mwisho, na wengi wetu tunaoishi huku tumezoea kuuita fiksi. Siku hiyo ya mwisho ikipita bila mwenye akaunti kufanya lolote, hakuna fundi anayekuja kukata umeme wala taa inayozimika. Kampuni humhamishia kimyakimya kwenye bei yake ya kawaida, ile inayopanda na kushuka, naye huja kushtuka benki inapokata pesa nyingi kuliko alizozoea. Mwongozo huu unaeleza hatua za kuchukua kabla ya siku hiyo kufika, na unahusu England, Uskoti na Wales tu, kwa kuwa Ayalandi ya Kaskazini ina soko lake na msimamizi wake.

Aliyekulia Tanzania au Kenya huenda akaliona jambo lenyewe kuwa geni, maana nyumbani umeme ni wa TANESCO au wa Kenya Power, na mteja wa kawaida hana pengine pa kuhamia. Huku kazi zimegawanywa. Nyaya na mabomba ya mtaa wako ni mali ya kampuni za mtandao zinazohudumia eneo zima, nazo hazibadiliki ukihama. Wanaobadilika ni wauzaji, yaani British Gas, Octopus Energy, EDF na wenzao, ambao hununua nishati kwa jumla, wakakuuzia kwa rejareja na kukutumia bili. Ndiyo maana kuhama hakuhitaji mtu kuja kuchimba ukuta, umeme haukatiki hata dakika moja, na namba za dharura hubaki zilezile: 105 umeme ukikatika, na 0800 111 999 ukinusa harufu ya gesi.

Bei kikomo, kabla ya hatua zote

Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, huweka bei kikomo kwa ajili ya wateja wasio na mkataba wa bei isiyobadilika. Neno hilo litawakumbusha Watanzania bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi, na mantiki yake haiko mbali. Bei kikomo ya Ofgem ilianza tarehe 1 Januari 2019, na siku hizi hubadilishwa kila miezi mitatu, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Tangazo lake hutoka wiki kadhaa kabla, mwishoni mwa Novemba, Februari, Mei na Agosti, kwa hiyo mtu anayefikiria kuhama mwezi wa tisa tayari anajua bei ya kawaida ya mwezi wa kumi itakuwaje.

Kinachowekewa kikomo ni vitu viwili tu: bei ya yuniti moja, na tozo ya kila siku, ambayo wengi huiita standingi chaji, inayolipwa hata usipowasha taa. Jumla ya bili haina kikomo. Kiasi cha mwaka kinachotajwa kwenye taarifa za habari ni makadirio ya kaya yenye matumizi ya wastani inayolipa kwa dairekti debiti, yaani benki kukata pesa yenyewe kila mwezi, na anayetumia zaidi hulipa zaidi. Kosa hili si la watu wa kawaida peke yao: Septemba 2022 waziri mkuu wa wakati huo, Liz Truss, alikosolewa kwa kusema redioni kana kwamba hakuna kaya itakayolipa zaidi ya pauni 2,500 kwa mwaka.

Inafaa pia kukumbuka kwamba fiksi si lazima iwe nafuu kuliko bei ya kawaida. Kwa kipimo hicho cha kaya ya wastani, bei kikomo ilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka mwezi wa Oktoba 2021, ikapanda hadi 1,971 Aprili 2022, kisha 3,549 Oktoba mwaka huohuo kabla serikali haijaingilia kati. Katika kipindi hicho zaidi ya kampuni 25 zilifilisika na fiksi zenye maana zilitoweka sokoni, hata aliyebaki kwenye bei ya kawaida akawa ndiye aliyefanya jambo la busara. Kwa hiyo chukua bei kikomo ya sasa kama rula, na kila ofa unayoletewa ipime kwayo. Mimi binafsi hukubali kulipa kidogo juu ya rula hiyo ikiwa baridi inakaribia na bajeti ya nyumba haiwezi kustahimili mshtuko, lakini huo ni uamuzi wa kila kaya kulingana na mfuko wake.

Hatua ya kwanza: tafuta tarehe ya mwisho, uhesabu siku 49 kurudi nyuma

Tarehe ya mwisho ya mkataba imeandikwa kwenye bili, na pia kwenye akaunti yako ya intaneti au programu ya simu ya kampuni. Kutoka hapo hesabu siku 49 kurudi nyuma. Mkataba unaoisha tarehe 30 Novemba, kwa mfano, unaingia kwenye dirisha hilo tarehe 12 Oktoba. Kuanzia siku hiyo kampuni hairuhusiwi kukutoza ada ya kuvunja mkataba, hata kama ada hiyo imetajwa wazi kwenye makubaliano uliyotia saini. Ukitoka hata siku moja kabla ya dirisha kufunguka, ada inaweza kutozwa, na kama una umeme na gesi huwa inahesabiwa kwa kila kimoja.

Kampuni nayo inapaswa kukuandikia kati ya siku ya 49 na ya 42 kabla ya mwisho, ikikujulisha kwamba mkataba unaisha na kukueleza bei utakayopelekwa usipofanya lolote. Barua hiyo haina wekundu wala maneno ya kutisha, ndiyo sababu huishia kwenye lundo la bahasha mlangoni pamoja na vipeperushi vya piza. Siku hizi mara nyingi huja kwa barua pepe na kuangukia kwenye kisanduku cha matangazo. Usiitegemee. Weka ukumbusho kwenye kalenda ya simu siku ileile unaposaini fiksi mpya, ukiuelekeza kwenye siku ya 49 badala ya siku ya mwisho yenyewe.

Ukigundua kwamba tarehe imeshapita, hujapoteza kila kitu. Bei ya kawaida haina ada ya kutoka, na unaweza kuihama wakati wowote. Ulichopoteza ni tofauti ya bei kwa majuma yaliyopita.

Hatua ya pili: kusanya taarifa zako

Kabla ya kulinganisha chochote unahitaji msimbo wa posta, jina la mpango wako wa sasa wa bei, namna unavyolipa, na, muhimu kuliko vyote, idadi ya yuniti ulizotumia kwa mwaka mzima, umeme peke yake na gesi peke yake. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, na kwenye bili huandikwa kWh. Msimbo wa posta unahitajika kwa sababu bei hutofautiana kati ya eneo na eneo, hata kwa kampuni moja.

Ninasisitiza mwaka mzima kwa sababu nyumba nyingi za huku hupashwa joto kwa gesi, na gesi ya Januari haifanani kabisa na ya Julai. Anayechukua bili ya mwezi mmoja wa kiangazi akaizidisha kwa 12 atajidanganya kwa mamia ya pauni, na anayefanya hivyo kwa bili ya Februari atajitisha bure. Idadi ya mwaka hupatikana kwenye bili au taarifa ya mwaka, katika sehemu inayoeleza mpango wako wa bei. Ikiwa umehamia nyumba hiyo karibuni na huna historia, unaweza kuanza na kipimo ambacho Ofgem ilikiweka Oktoba 2023 kwa kaya ya wastani, yuniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi, kisha ukirekebishe kulingana na ukubwa wa nyumba na idadi ya watu. Nyumba yenye watoto wanne na bibi anayekaa nyumbani mchana kutwa haiwezi kuwa ya wastani.

Tazama pia namba za utambulisho wa mita. Ya umeme, iitwayo MPAN, ina tarakimu 21 zilizopangwa kwenye kisanduku chenye herufi S kubwa, na sehemu yake ya msingi ni zile 13 za mstari wa chini. Ya gesi, MPRN, ina tarakimu kati ya 6 na 10. Kampuni mpya kwa kawaida huzipata yenyewe kwa kutumia anwani, lakini katika majumba ya ghorofa, mahali ambapo mita kumi zimepangwa kwenye kabati moja la chini na vibandiko vimefutika, kukagua namba hizi ndiko kunakokuepusha kumhamisha jirani yako badala ya kujihamisha wewe.

Hatua ya tatu: fanya hesabu yako mwenyewe

Kuna tovuti za kulinganisha bei zilizoidhinishwa na Ofgem, na shirika la ushauri la Citizens Advice lina chombo chake cha kulinganisha kisicholipwa kamisheni na kampuni yoyote. Zitumie, lakini fahamu kwamba tovuti za kibiashara hulipwa na kampuni unayohamia, na baadhi huanza kwa kukuonyesha zile tu wanazoweza kukuhamishia moja kwa moja. Tafuta kitufe cha kuonyesha ofa zote. Kisha chukua ofa mbili au tatu za juu, uzipige hesabu kwa mkono.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita: bei ya yuniti mara yuniti za mwaka, ongeza tozo ya siku mara 365. Tuseme ofa ya kwanza inauza umeme kwa peni 25 kwa yuniti na kutoza peni 60 kwa siku, na ya pili inauza kwa peni 27 na kutoza peni 40 kwa siku. Kaya inayotumia yuniti 2,700 italipa pauni 894 kwa ofa ya kwanza na 875 kwa ya pili, kwa hiyo ya pili, yenye yuniti ghali, ndiyo nafuu. Kaya inayotumia yuniti 4,000 italipa pauni 1,219 kwa ya kwanza na 1,226 kwa ya pili, na mambo yamegeuka. Kwa bei hizi mstari wa mgawanyiko uko kwenye yuniti 3,650. Kwa hiyo rafiki yako wa kazini anapokuambia kampuni yake ni rahisi, huenda anasema kweli kuhusu nyumba yake, lakini hasemi chochote kuhusu ya kwako. Anayeishi peke yake na kushinda kazini atazame kwanza tozo ya siku. Familia kubwa itazame kwanza bei ya yuniti.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa gesi, kisha ujumlishe. Si lazima umeme na gesi vinunuliwe kwa kampuni moja, ingawa wengi hupendelea bili moja. Kama gesi unaitumia kwa kupikia tu, utakuta kwamba sehemu kubwa ya bili ya gesi ni tozo ya siku, na bei ya yuniti karibu haina uzito.

Yapo mambo matatu yanayovuruga hesabu hii. La kwanza ni VAT: nishati ya nyumbani hutozwa asilimia 5, na baadhi ya barua huonyesha bei kabla ya kodi, kwa hiyo hakikisha bei zote unazolinganisha zina VAT au zote hazina. La pili ni mita ya bei mbili, inayojulikana kama Economy 7, ambayo huuza umeme wa saa saba za usiku kwa bei ya chini na wa mchana kwa bei ya juu. Mwenye mita hiyo lazima ajue mgawanyo wa matumizi yake, kwa sababu asiyetumia umeme mwingi usiku huumia. La tatu ni neno akiba. Kampuni inapokuandikia kwamba utaokoa kiasi fulani, inalinganisha na bei utakayopelekwa fiksi ikiisha, si na kile unacholipa leo. Unaweza kuokoa pauni 100 kwa mujibu wa barua na bado ukalipa zaidi ya mwaka uliopita.

Usisahau kuiuliza kampuni yako ya sasa ina fiksi gani mpya. Wakati mwingine ofa nzuri iko hapohapo ulipo, na kubadilisha mpango ndani ya kampuni ileile ni kazi ya dakika tano isiyohitaji bili ya mwisho wala kusubiri marejesho.

Hatua ya nne: hakikisha hakuna kinachokuzuia

Mpangaji anayelipa bili kwa jina lake ana haki ya kuchagua muuzaji, hata kama mkataba wa nyumba unamtaka amjulishe mwenye nyumba. Haki hiyo haipo ikiwa mwenye nyumba ndiye anayelipa na kukudai, au ikiwa joto la nyumba hutoka kwenye boila kubwa la jengo zima, kama ilivyo katika majengo mengi mapya ya London. Hapo umeme utauhamisha, joto hutaweza.

Deni ni suala lenye sheria yake. Kwa mita ya kawaida, deni lililozidi siku 28 huipa kampuni haki ya kuzuia uhamaji hadi ulilipe, isipokuwa kama deni limetokana na kosa la kampuni yenyewe. Kwa mita ya kulipia kabla, ndugu yake LUKU, unaweza kuhama ukiwa na deni lisilozidi pauni 500 kwa umeme na kiasi hichohicho kwa gesi, na deni hilo huhamia nawe kwa kampuni mpya. Wenye mita hizi wazingatie jambo moja zaidi: ikiwa mita hutumia ufunguo au kadi, kampuni mpya hutuma mpya, na ule wa zamani usiutumie tena baada ya kuhama, kwa sababu pesa itaingia kwa kampuni uliyoiacha.

Wanaopata punguzo la msimu wa baridi la pauni 150, Warm Home Discount, waulize kabla ya kusaini kama kampuni mpya inashiriki, maana baadhi ya kampuni ndogo hazimo. Punguzo hulipwa na kampuni uliyo nayo katika tarehe maalumu ya kigezo, ambayo kwa miaka ya karibuni imeangukia Agosti, na ukihama baada ya hapo ni vema ufuatilie kwa kampuni ya zamani hadi ulipwe. Vilevile, kama nyumbani kuna mzee, mtoto mchanga, au mtu anayetegemea mashine ya matibabu, na jina lake limo kwenye orodha ya wateja wa kipaumbele, mwambie muuzaji mpya tangu mwanzo, wala usidhani taarifa itahama yenyewe.

Kwa wazazi wasiozungumza Kiingereza kwa ufasaha, kampuni hukubali mwenye akaunti amteue mtu mwingine kuzungumza kwa niaba yake. Afadhali jambo hili lifanywe rasmi, jina la mwana au binti likaandikwa kwenye akaunti, kuliko desturi iliyozoeleka ya kijana kupiga simu akijifanya ni baba yake, kisha akakwama anapoulizwa mwaka wa kuzaliwa.

Hatua ya tano: chagua siku ya kuhama, kisha usaini

Tangu Julai 2022 uhamaji hukamilika kwa siku tano za kazi. Kasi hiyo ni nzuri, lakini ina mtego ambao watu wengi hawauoni. Ukisaini siku ya kwanza ya lile dirisha la siku 49, na fiksi yako ya zamani ni nafuu kuliko mpya, utaacha karibu wiki sita za bei nzuri mezani. Katika hali hiyo mwombe muuzaji mpya aanze siku ileile mkataba wa zamani unapoisha. Wengi wana sehemu ya kuchagua tarehe kwenye fomu, na usipoiona, piga simu. Ikiwa fiksi ya zamani ndiyo ghali, fanya kinyume chake: hama mara tu dirisha linapofunguka.

Faida ya kusaini mapema na kuanza baadaye ni kwamba bei ya leo unaishika leo. Fiksi hufuata soko la jumla, na ofa inaweza kuondolewa bila taarifa. Anayesubiri hadi siku ya mwisho akitumaini bei itashuka anacheza kamari ambayo mara chache hulipa zaidi ya gharama ya usumbufu wake.

Kabla ya kusaini soma mambo manne kwenye muhtasari wa mkataba: muda wake, ada ya kuvunja kwa kila nishati, namna ya malipo, na kama unalazimika kukubali mita janja, yaani smart meter, inayotuma usomaji yenyewe kwa kampuni. Huhitaji kuijulisha kampuni ya zamani. Mpya itafanya hivyo. Una siku 14 za kubadili mawazo bila adhabu tangu mkataba ulipofungwa, na ukijitoa baada ya uhamaji kukamilika utalipia tu nishati uliyotumia katika siku hizo.

Usisaini chochote kwa simu uliyopigiwa wewe. Matapeli wanajua majira ya mikataba kuisha, nao hujitambulisha kama watu wa bodi ya nishati au wa kampuni yako. Anayeomba msimbo uliotumwa kwenye simu yako, au tarakimu za benki kabla hujaona bei kwa maandishi, mkatie simu, kisha uipigie kampuni kwa namba iliyo kwenye bili.

Hatua ya sita: soma mita siku ya kuhama

Hata mwenye mita janja afanye hivi, kwa kuwa baadhi ya mita janja za kizazi cha kwanza hupoteza mawasiliano mteja anapohama, zikabaki kuhesabu kama mita za kawaida. Fungua kabati la chini ya ngazi, washa tochi ya simu, usome tarakimu kutoka kushoto kwenda kulia, ukiziacha zile nyekundu au zilizo baada ya nukta. Mita ya bei mbili ina namba mbili. Andika ipi ni ya mchana na ipi ni ya usiku, maana zikibadilishana utalipia usiku kwa bei ya mchana mwaka mzima. Piga picha inayoonyesha tarakimu pamoja na namba ya mita yenyewe, kisha uzitume tarakimu hizo kwa kampuni mpya.

Mita ya gesi inahitaji jicho la pili. Haisomi yuniti za nishati moja kwa moja bali ujazo, na kampuni hubadilisha ujazo huo kuwa kilowati-saa. Mita mpya husoma mita za ujazo, ambapo moja huwa takriban yuniti 11. Zile za zamani husoma mamia ya futi za ujazo, na moja huwa zaidi ya yuniti 31. Kampuni mpya ikiandika aina isiyo sahihi, bili itakuwa karibu mara tatu ya matumizi au theluthi yake, kwa hiyo linganisha herufi zilizo usoni mwa mita, m³ au ft³, na zilizo kwenye bili ya kwanza.

Ninaisisitiza picha kwa sababu iliwahi kuniokoa. Mwaka mmoja nilipohama, kampuni mpya ilianza na namba niliyoituma, 48,377, lakini kampuni niliyoiacha ilifunga akaunti kwa makisio yake, 48,912. Zile yuniti 535 za katikati nilikuwa nadaiwa mara mbili, upande mmoja kama madai ya mwisho na upande wa pili kama matumizi ya mwezi wa kwanza. Kwa kanuni, usomaji wa kufungia na wa kufungulia ni lazima uwe mmoja. Mhudumu wa kwanza aliniambia mfumo wao hauwezi kukosea. Wa pili alipopokea picha yenye tarehe alirekebisha kabla ya jioni.

Hatua ya saba: bili ya mwisho na pesa zako

Kampuni ya zamani ina wiki sita kukutumia bili ya mwisho, na ikiwa akaunti ina salio lako, inapaswa kulirudisha ndani ya siku 10 za kazi baada ya bili hiyo. Ikichelewa, unastahili fidia, ambayo mwaka 2025 ilipandishwa kutoka pauni 30 hadi 40. Usifute dairekti debiti ya zamani hadi hapo mambo yatakapokamilika: ukiifuta mapema bili ya mwisho hugeuka deni, na marejesho yanaweza kukosa njia.

Kama bili ya mwisho itakuwa na salio au deni hutegemea sana msimu. Dairekti debiti ya kiasi kimoja kila mwezi hukusanya ziada wakati wa kiangazi ili ilipie baridi. Anayehama Septemba atarudishiwa pesa. Anayehama Machi atadaiwa, wala hajaibiwa. Tenga kitu kidogo ikiwa fiksi yako inaisha mwishoni mwa baridi.

Ikitokea kampuni usiyoijua ikakutumia barua ya kukukaribisha, umehamishwa kimakosa. Wasiliana na yoyote kati ya hizo mbili, ya kwako au hiyo ngeni. Ni jukumu lao kukurudisha, na hupaswi kulipishwa mara mbili. Kama ni bili ya matumizi ya zamani iliyojitokeza ghafla, kumbuka kwamba kampuni hairuhusiwi kudai nishati iliyotumika zaidi ya miezi 12 iliyopita ikiwa kosa la kutokutoza ni lake.

Malalamiko yapeleke kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, ukiomba namba ya kumbukumbu. Zikipita wiki nane bila ufumbuzi, au wakikuandikia kwamba wamefikia mwisho, peleka shauri kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, ambaye huduma yake ni ya bure na uamuzi wake huifunga kampuni ukiukubali wewe. Wiki hizo nane zinahesabiwa tangu siku malalamiko yalipopokelewa, kwa hiyo tarehe hiyo iandike pembeni ya bili, pamoja na jina la mhudumu uliyezungumza naye.